Usimruhusu fundi aing'arishe saa ya mzee wako: miaka yangu na Omega Constellation

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa nikisoma humu maswali ya watu waliorithi saa za zamani na hawajui waanzie wapi. Kuna kosa nililifanya mimi ambalo halirekebishiki, na sitaki mwingine alifanye. Uzi utakuwa mrefu, nivumilieni.

Mzee wangu alikuwa mtu wa reli. Aliingia East African Railways akiwa kijana, Jumuiya ilipovunjika 1977 akahamia na wenzake Shirika la Reli Tanzania, akastaafu akiwa mkuu wa stesheni kwenye njia ya Tanga. Saa aliinunua Nairobi mwaka 1967, alipoitwa makao makuu kwa mafunzo. Alikuwa ameweka akiba zaidi ya mwaka mzima. Mama alinuna wiki mbili, kisha akaizoea kama tulivyoizoea sote: ilikuwa mtu wa sita mle nyumbani.

Ni Omega Constellation ya chuma, otomatiki, yenye tarehe. Ndani ina mashine ya kaliba 561 (kaliba ni namba ya aina ya mashine), vito 24, rangi yake ya shaba nyekundu. Uso wake si bapa: kingo zimeinama kwa pande kumi na mbili, kama sahani iliyopinduliwa, na kila mkunjo unakutana na alama ya saa. Juu ya alama ya 6 kuna nyota ndogo. Nyuma, katikati ya mfuniko, kuna kidani chenye picha ya kituo cha kutazamia nyota, kuba lake, na nyota nane juu yake. Namba ya mashine inaanzia milioni 24, na orodha za wakusanyaji zinaiweka karibu na 1966, kwa hiyo huenda ilikaa kabatini kwa muuzaji kama mwaka mmoja kabla mzee hajaitia mkononi.

Mzee hakuwa na elimu ya saa, ila alikuwa na adabu nayo. Wakati wa kutawadha aliivua, akaitia ndani ya kofia, kofia akaiweka juu ya ukingo wa kisima, mbali na maji. Mara tano kwa siku, miaka yote hiyo. Sisi watoto tulijua kwamba kofia ikiwa pale haiguswi.

Alifariki 2008. Saa ikaja kwangu.

Mwaka 2009 nikaona imechakaa. Kioo kilikuwa na mikwaruzo mpaka tarehe haisomeki, na saa yenyewe ilikuwa ikichelewa kama dakika mbili kwa siku. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, sitamtaja, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo yananiuma: "Fundi, ifanye iwe kama mpya."

Aliifanya. Niliichukua siku ya tatu, inang'aa kama kijiko cha harusi. Nilifurahi hadi nilipofika nyumbani nikaigeuza. Kidani cha nyuma kilikuwa kimesuguliwa pamoja na mfuniko. Zile nyota nane zikabaki tano, na za pembeni unazihisi kwa ukucha zaidi ya kuziona. Miguu ya kasha inayoshika mkanda, ambayo ilikuwa na kingo kali kama zimekatwa kwa kisu, ikawa ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Kile kichwa cha pembeni cha kutilia ufunguo, ambacho awali kilikuwa na pande kumi, alikitoa akaweka cha duara cha saa nyingine, na cha zamani alisema amekitupa. Ndani hakubomoa wala kusafisha kitu. Alidondosha mafuta juu ya mafuta ya zamani, akafunga.

Chuma kikishasuguliwa hakirudi. Kioo kinabadilishwa, mkanda unabadilishwa, kamani, ile springi inayoisukuma saa, inabadilishwa. Nyota za mzee haziwezi kurudi.

Iliendelea kutembea hadi 2014, ikasimama. Nikaiweka kwenye kabati miaka mitano kwa sababu sikumwamini tena mtu.

2019 nikaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi saa wa siku nyingi, anafanyia kazi chumba cha nyuma nyumbani kwake. Aliishika, akaweka lenzi jichoni, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Haijafa hii. Imekaukiwa." Akaniambia niiache wiki sita na nisimpigie simu.

Nilimwomba niwepo siku ya kuifungua, akakubali kwa sharti nisiongee. Nitaeleza niliyoyaona, maana ndiyo yaliyonifanya nielewe sevisi ni kitu gani.

Kwanza alipiga picha kila upande. Akafungua mfuniko kwa kifaa chake maalumu, akanionyesha kwa kibano mstari unaong'aa ndani ya mfuniko, mduara mwembamba. Ule ni uzito unaozunguka, ile nusu duara nzito inayojaza saa mkono unapotembea. Katika mashine hizi unazunguka juu ya mhimili usio na gololi, mhimili ukilika uzito unalegea na kuanza kukwaruza. Ukiitikisa saa yako ya aina hii sikioni ukasikia kitu kinakwangua, basi ndicho hicho.

Halafu akaitoa nguvu kamani, taratibu, kabla ya kulegeza skrubu yoyote. Akang'oa mishale akiwa ametanguliza kipande cha plastiki juu ya uso ili kifaa kisiuguse. Akatoa uso, akauweka ndani ya kikombe na kukifunika. Kuanzia hapo akabomoa kila kitu: gurudumu la mizani, lile linalobembea huku na huku, madaraja yanayoshikilia magurudumu, magurudumu ya meno, pipa la kamani. Kwenye mawe mekundu ambamo mihimili inazungukia kulikuwa na kitu cha kijani kilichoganda kama ulimbo. Ndiyo mafuta ya 2009 yaliyochanganyika na ya zamani zaidi.

Kamani ya zamani aliitoa akaiweka mezani. Ilikaa vilevile, imejikunja kama jongoo. Akatoa mpya kwenye pakiti, ikafunguka yenyewe ikawa na umbo la herufi S. Hakuna maelezo bora ya kamani iliyochoka kuliko zile mbili zikiwa zimelala sambamba.

Vyombo vyote viliingia kwenye mashine ya kusafishia, kisha kila tundu la kito akalipitisha kijiti cha mti laini kilichochongwa ncha, anakizungusha, anakata ncha, anarudia mpaka kijiti kinatoka cheupe. Kazi hii peke yake ilichukua asubuhi nzima.

Mafuta hayakuwa ya aina moja. Mepesi, Moebius 9010, kwa magurudumu yanayokimbia. Mazito kwa yale ya taratibu yenye mzigo. Grisi ya aina yake kwa kuta za pipa, maana kamani ya otomatiki ikijaa inatakiwa iteleze kwa kiasi, isikatike. Tone lenyewe ni dogo kuliko kichwa cha sindano. Likizidi linatambaa, linaacha mahali pake na kwenda kunatisha kamani nyembamba ya mizani, ile ya unene wa unywele, nayo mizunguko yake ikigusana saa inakimbia hovyo.

Mashine ya kupimia mwendo ilionyesha kabla ya kazi kwamba gurudumu la mizani linabembea nyuzi 180 tu. Saa yenye afya ikilala chali inafika 270 hadi 300. Baada ya kazi ilisoma 285, na inaongeza sekunde nne kwa siku. Mhimili wa ule uzito alitengeneza upya kwa mkono.

Nikamuuliza kuhusu kasha. Akasema: "Hili limeshaumia. Mimi silisogezi hata unywele." Nikamwelewa.

Nitarudi kujibu maswali.

#3 – Kijana wa Mwanza

Mkuu haya ni madini. Mimi ninayo ya babu mzaa mama, Omega pia, haijafunguliwa miaka kama ishirini. Inatembea vizuri tu, haichelewi sana. Niifungue ya nini ikiwa haina tatizo?

#4 – Mwanzisha uzi

Hapo ndipo wengi tunapokwama, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Mashine kama yangu inapiga mara 19,800 kwa saa moja. Kwa siku ni mara 475,200, kwa mwaka ni zaidi ya milioni 173. Mafuta yakikauka saa haisimami siku hiyo. Kamani ina nguvu ya kuisukuma miaka mingi mbele, ila sasa chuma kinazunguka juu ya vumbi na ulimbo. Ulimbo ule unafanya kazi ya msasa. Mihimili ambayo ni myembamba kuliko sindano inachimbika. Siku saa itakaposimama, hutalipia usafi na mafuta tu, utalipia mhimili mpya, gurudumu jipya, na kwa saa ya miaka 60 vitu hivyo havipatikani dukani.

Kwa hiyo saa inayotembea si ushahidi kwamba mafuta yapo. Ukimkuta fundi mwenye mashine ya kupimia, mwombe aipime tu bila kuifungua. Mbembeo ukisoma chini ya nyuzi 220 ikiwa imelala chali na imejaa ufunguo, iache kuvaa mpaka ifanyiwe sevisi. Wengi wetu tunakwenda kwa miaka mitano hadi saba kati ya sevisi na sevisi.

Kijana wa Mwanza, kama huwezi kuifungua mwaka huu, basi ipumzishe. Ikilala kabatini haili chuma.

#6 – Binti Korogwe

Samahani mkuu, swali dogo. Ya baba yangu tarehe haibadiliki mpaka uzungushe mishale siku nzima. Ukiikuta iko tarehe 3 na leo ni 27 unachoka. Je ni mbovu?

#7 – Mwanzisha uzi

Si mbovu dada. Kaliba 561 ndivyo ilivyo. Zungusha mbele hadi tarehe idondoke kwenye saa sita usiku, kisha rudisha mishale nyuma hadi kama saa mbili au tatu usiku, halafu mbele tena ipite sita. Kila ukivuka, tarehe inasogea moja. Kaliba 564 iliyoifuata ina njia ya mkato, unavuta kile kichwa cha pembeni hadi mwisho na tarehe inaruka.

Ila hapa sisi wa Kiswahili tuwe makini kuliko wengine. Maelekezo ya saa nyingi zenye njia ya mkato yanakataza kubadili tarehe mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 3 wakati wa usiku, kwa sababu meno ya tarehe yanakuwa yameshikana. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa tatu usiku hadi saa tisa usiku. Nimeona mtu amesoma "9 hadi 3" akaelewa ni tisa hadi tatu yetu, akabadilisha tarehe saa nne usiku akiamini yuko salama. Jino likavunjika. Angalia mshale uko kwenye namba gani, usiangalie unaitaje.

#10 – Fundi wa Nairobi

Nimependa hii stori. Mimi ni fundi, naongeza mambo mawili.

La kwanza ni sumaku. Wateja wangu wengi wanakuja wakisema saa imeanza kukimbia, inaongeza dakika kadhaa kwa siku ghafla. Mara nyingi si mafuta. Imelazwa juu ya spika, au kando ya simu, au ndani ya mkoba wenye kifungo cha sumaku. Ile kamani ya unywele inapata sumaku, mizunguko inashikana. Kuitoa ni kazi ya dakika moja kwa kifaa chake, na mimi huwa silipishi. Kabla mtu hajakuambia saa inahitaji sevisi kamili, mwambie aipime sumaku kwanza. Hata dira ndogo inatosha: isogeze karibu na saa, sindano ikicheza sana utajua.

La pili ni spea. Swatch Group ndiyo wenye Omega, na hawawauzii vipuri mafundi wasio kwenye orodha yao. Kwa hivyo sisi wa mtaani tunategemea mashine za zamani zilizokufa, tunanunua moja mbovu kuponya nyingine. Ndiyo maana nakusihi: fundi akikubadilishia chochote, mwambie akurudishie cha zamani kwenye karatasi. Ni chako, na kesho kinaweza kuwa ndicho pekee kilichobaki.

#11 – Mwanzisha uzi

Fundi, asante sana. Hilo la kurudishiwa cha zamani ningelijua 2009 ningekuwa na kichwa changu cha pande kumi.

#14 – Mzanzibari wa Muscat

Assalaam alaykum. Nimeuona uzi huu nikiwa Muscat. Ami yangu alitoka Unguja akaja huku miaka ya sabini mwanzoni, akaingia jeshini. Alipewa Rolex yenye alama ya jambia usoni, ile nembo ya Oman, wakati wa Sultan Qaboos. Sasa ameniachia. Haitembei. Nimeshauriwa niipeleke kwa watengenezaji wenyewe wakaifanye upya kabisa, wataitoa kama ya dukani. Je nifanye?

#15 – Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Tafadhali usiipeleke popote kabla hujasoma hapa.

Saa zile zilikuwa zawadi za Sultan, na za Rolex nyingi ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London. Thamani yake yote, ya pesa na ya ami yako, imekaa kwenye ule uso wenye jambia. Sasa kazi ya karakana za kiwandani ni kurudisha saa kwenye hali ya utendaji wa viwango vyao. Uso ukiwa na madoa, mishale ikiwa imechubuka, kasha likiwa na mikwaruzo, wanaweza kupendekeza vyote vibadilishwe na vipya, na kasha lipigwe polishi. Wanafanya kazi safi mno. Lakini saa itakayorudi itakuwa haina historia ya ami yako.

Kama utaipeleka kwao au kwa fundi yeyote, andika kwa maandishi kabla hujaikabidhi: uso usiguswe, mishale isiguswe, kasha lisipigwe polishi, kila kilichotolewa kirudishwe. Piga picha za karibu za uso, mfuniko ndani na nje, na namba zake. Akikataa masharti, ichukue uondoke.

Na kama kuna rangi inayong'aa gizani kwenye alama zake, mwambie fundi mapema. Uso wenye herufi T pande mbili za maneno "Swiss Made" una tritiumu, kitu chenye mionzi hafifu. Saa za kabla ya hapo, za miaka ya hamsini na mwanzo wa sitini, nyingi zilipakwa radiamu, yenye mionzi mikali zaidi, na ile haifai kukwanguliwa na mtu asiyejua. Vumbi lake halitakiwi kuingia pumzini.

#18 – Mtafuta saa

Nataka kununua Constellation mtandaoni. Naziona zenye nyuso za rangi nzuri sana, bluu, kijani, nyekundu, bei poa. Nijue vipi ni halali?

#19 – Mwanzisha uzi

Hizo rangi ndizo za kuogopa. Nyingi ni nyuso zilizopakwa upya. Uso orijino unatazamwa kwa lenzi: herufi zina kingo safi, nyota imekaa katikati, mistari ya dakika inafika inapotakiwa na inalingana sawasawa. Uliopakwa upya herufi ni nene, zimevimba, na mara nyingi maneno ya chini yanayosema imetengenezwa Uswisi yamekosekana au yamepinda. Ile mikunjo kumi na mbili ya pembeni nayo hupoteza makali kwa sababu ya rangi.

Kioo orijino ni cha akriliki, aina ya plastiki angavu, na ndani, katikati kabisa, kuna alama ndogo mno ya Omega. Igeuze chini ya taa utaiona. Kukosekana kwake hakumaanishi saa ni feki, kinaweza kuwa kilibadilishwa, lakini muulize muuzaji.

Omba picha ya mashine. Muuzaji anayekataa kufungua mfuniko, mwache. Mimi ningechukua yenye uso uliofifia na madoa ya hali ya hewa, lakini wa kwake, kabla ya uliong'aa. Na unaponunua, weka kando pesa ya sevisi siku hiyohiyo, hata kama umeambiwa imefanyiwa. Mimi nililipa laki nne na nusu na sijutii hata senti.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, chumvi. Saa ya miaka 60 usiipeleke baharini, hata kama nyuma imeandikwa inazuia maji. Raba zilishakufa. Jasho linaingia kupitia tundu la kile kichwa cha pembeni, na kutu huanzia kwenye ule mpini wake. Jioni ipanguse kwa kitambaa kikavu, na kabatini weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ukanda wa ngozi ukilowa jasho, uvue ukauke mbali na kasha.

#23 – Mwanzisha uzi

Wakuu, narudi kuwapa taarifa. Mwezi uliopita fundi wangu alinipigia simu mwenyewe, jambo asilofanya. Alipata mashine moja iliyokufa ya miaka ileile, na kasha lake bovu lilikuwa bado lina kile kichwa cha pande kumi. Ameniwekea. Nikiijaza asubuhi kwa dole gumba nahisi zile pande zinavyopita moja baada ya nyingine, jinsi nilivyomwona mzee akifanya kabla hajatoka kwenda kupokea treni.

Kidani cha nyuma kimebaki na nyota tano. Fundi mmoja wa huku kwetu alisema kuna watu wanaweza kuchonga upya, nikakataa. Mwanangu ana miaka tisa na ameshajua kwamba kofia yangu ikiwa ukingoni mwa sinki haiguswi.

Ndugu wa Muscat, ukishapiga zile picha za uso wenye jambia, ziweke hapa kabla saa haijaondoka mkononi mwako.